Mafuta gani yamo kwenye taa ya Dungeons & Dragons?

Ubishi ulianzia kwenye chupa moja ya mafuta. Wachezaji wanne mezani kwetu walikuwa wamefika kwenye mlango wa mbao, chini ya ngome iliyobomoka, na nyuma ya mlango zilisikika hatua za viumbe wengi. Mmoja akasema: namwaga mafuta ya kandili chini ya mlango, natia moto, tunawangojea huku nje. Mwenzake, aliyekulia nyumba ya kibatari kama mimi, akamuuliza: mafuta gani? Ya taa, akajibiwa. Sawa, lakini ya ufuta, ya mnyama, au haya tuliyokuwa tukitumwa dukani na chupa? Kitabu cha kanuni kimeandika "mafuta" basi. Tulikaa nusu saa bila mtu kurusha dadu. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mchezo siku ile na sikuwa na jibu, na ilinikera kwa sababu kwenye mchezo huu taa si pambo. Ukikosea kwenye taa umekosea kwenye mchezo mzima.

Kwa asiyeufahamu: Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, kila mmoja akaingia kwenye nafsi ya mhusika wake, shujaa au mchawi au mwizi. Msimamizi ndiye anayeieleza dunia yote inayobaki na kuamua kila tendo limezaa nini, huku dadu zikiamua mambo ya bahati. Kisa cha kawaida ni kuingia kwenye mahandaki ya kale kutafuta hazina. Chini huko hakuna jua, kwa hiyo kabla ya upanga na ngao mchezaji lazima aulize swali ambalo bibi zetu waliliuliza kila magharibi: mafuta yapo?

Chupa moja, mita 120

Kwenye kanuni za zamani, na hapa nazungumzia toleo la msingi la mwaka 1981, muda wa chini ya ardhi hugawanywa kwa zamu za dakika 10. Mwenge mmoja huwaka zamu 6, yaani saa nzima. Kandili huwaka zamu 24 kwa chupa moja ya mafuta, saa 4. Vyote viwili humulika futi 30 kila upande. Mienge 6 huuzwa kwa sarafu moja ya dhahabu, chupa ya mafuta kwa sarafu 2, na kandili yenyewe kwa 10.

Mtu akizisoma namba hizi juu juu ataona orodha ya bei. Ziunganishe na kanuni nyingine mbili utaona zinavyofanya kazi. Ya kwanza: kila baada ya zamu 5 za kutembea, kundi lazima lipumzike zamu moja. Ya pili: shujaa aliyevaa vazi la chuma hutembea futi 60 kwa zamu akiwa anachunguza njia, na akibeba hazina hushuka hadi futi 30.

Sasa hesabu nami. Chupa moja ni zamu 24. Toa zamu 4 za kupumzika, zimebaki 20. Kurudi na mzigo kunachukua muda mara mbili ya kwenda, kwa hiyo theluthi moja tu ya zamu hizo ndiyo ya kusonga mbele: zamu 6 na kitu, futi 400. Ni kama mita 120. Chupa moja ya mafuta inamnunulia askari wa chuma mita 120 za giza, kwenda na kurudi, asipopotea njia na asipokutana na mtu. Na atakutana. Kila zamu 2 msimamizi hurusha dadu ya pande 6, na ikitua kwenye moja, kuna kiumbe kinachozurura karibu. Saa 4 ni mirusho 12, na mirusho 12 kwa wastani huleta viumbe mara 2.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya taa kwenye mchezo huu: ni saa. Mafuta yanapungua, hatari inaongezeka, na kila mlango mnaopiga hatua kuuelekea mnaulipia mara mbili. Wachezaji wengi wa sasa huona uchovu kuhesabu mafuta, na wasimamizi wengi wameacha kabisa. Nadhani wanajinyima. Pale mezani kwetu, mtu akisema "tumebakiwa na nusu chupa", kila mmoja hunyamaza, na hakuna joka lililowahi kuwanyamazisha hivyo.

Kupima taa kwa mshumaa

Toleo la mwaka 2014 lina kanuni tofauti na zenye maelezo zaidi. Mwanga umegawanywa sehemu mbili, kamili na hafifu. Mshumaa hutoa mwanga kamili hadi futi 5, na hafifu hadi futi 10. Mwenge: 20, kisha 40. Taa ya kawaida: 15, kisha 45. Kandili yenye kifuniko: 30, kisha 60. Ipo pia kandili ya lenzi, inayopeleka mwanga upande mmoja tu, futi 60 kamili na 120 hafifu. Mwenge na mshumaa huwaka saa moja. Taa na kandili zote huwaka saa 6 kwa painti moja ya mafuta, ambayo ni karibu nusu lita.

Je, namba hizi zina ukweli wowote? Kipimo kizuri tunacho, nao ni mshumaa wenyewe. Mwanga hufifia kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili unabaki robo, mara tatu unabaki fungu moja la tisa. Mshumaa kwa umbali wa futi 10, yaani mita 3, hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa mbalamwezi, na kitabu chenyewe kinasema mbalamwezi kali ndiyo mwanga hafifu. Hapo wamepatia vizuri kabisa.

Tuendelee. Mwenge humulika mbali mara 4 kuliko mshumaa, kwa hiyo una nguvu ya mishumaa 16. Ni moto mkubwa wa vitambaa na utomvu. Nakubali, ingawa mwenge halisi hupuruza moshi na haudumu kirahisi saa nzima. Taa ya kawaida inajichanganya: kwa mwanga kamili ni mara 3, yaani mishumaa 9, lakini kwa mwanga hafifu ni mara 4 na nusu, mishumaa 20. Nikashika hesabu ndogo, 9.

Ajabu niliikuta kwenye mafuta. Painti moja ya mafuta ya mimea ina uzito wa gramu 430 hivi. Ukiyachoma kwa saa 6 ni gramu zaidi ya 70 kila saa. Mshumaa wa kawaida hula gramu 6 au 7 kwa saa. Basi taa hii inakula kama mishumaa 11 na inatoa mwanga wa mishumaa 9. Nilidhani namba zimetupwa tu kitabuni, kumbe zinalingana.

Lakini zinalingana na taa ipi? Sio kibatari. Kibatari cha mafuta ya mimea, chenye utambi mmoja uliolala mdomoni mwa chungu kama zile taa za udongo za Warumi, hutoa mwanga wa mshumaa mmoja au pungufu, na nusu lita ingekitosha zaidi ya usiku na mchana mzima. Taa ya mishumaa 9 ni ya Aimé Argand, Mswisi wa Geneva, aliyeibuni miaka ya 1780. Utambi wake umezungushwa kama bomba ili hewa ipite ndani na nje ya moto, na juu yake pana dohani ya kioo inayovuta hewa. Mwanga wake ulikadiriwa kati ya mishumaa 6 na 10. Kandili ya lenzi nayo ni ya polisi wa London wa karne ya 19. Mchezo una panga, ngome na wafalme wa zama za kati, lakini taa yake imeletwa kutoka Ulaya ya mwaka 1800.

Bei inasema vilevile. Kwenye kanuni za 2014, kibarua asiye na ufundi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na chupa ya mafuta ni sarafu 1. Kuwasha taa jioni moja kunakula nusu ya kibarua cha siku. Mwaka 1996 mchumi William Nordhaus wa Chuo Kikuu cha Yale alitoa utafiti wa bei ya mwanga tangu zama za kale. Kwa ajili yake alipata taa ya kale ya Kirumi, akaiwasha kwa mafuta ya ufuta na kupima mwanga wake. Kiasi cha mwanga alicholinganishia bei kilikuwa lumeni 1,000 kwa saa moja, sawa na balbu ya wati 60 ikiwaka kwa zaidi kidogo ya saa. Kibarua wa Babeli, miaka 1750 kabla ya Kristo, alihitaji zaidi ya saa 40 za kazi kuupata mwanga huo. Mwaka 1800 ilikuwa zaidi kidogo ya saa 5. Nilipopiga hesabu ya kibarua wa Dungeons & Dragons, kwa siku ya kazi ya saa 8 na taa ya mishumaa 9, nilipata kama saa 6. Sidhani kuna mwandishi aliyeketi kulipanga hilo.

Kandili yenye kifuniko sioni namna ya kuitetea. Inakula painti ileile kwa saa zilezile 6 kama taa ya kawaida, lakini inatoa mwanga wa mishumaa 36, pande zote. Hapo wamekosea. Mezani kwetu kandili humulika sawa na taa. Faida yake ni kwamba upepo hauizimi na unaweza kuifunika haraka mtu akikujia. Faida hiyo inatosha kulipia bei yake.

Mafuta yanayotia moto na yanayozima moto

Sasa turudi kwenye ule mlango. Kanuni za zamani ziliruhusu chupa ya mafuta irushwe kama silaha. Mwaka 1981 mafuta yaliyowashwa yaliumiza kwa dadu ya pande 8, raundi 2 mfululizo, wakati upanga kwa kanuni ya msingi uliumiza kwa dadu ya pande 6. Sarafu 2 za dhahabu zilimpa mkulima nguvu kuliko askari. Toleo la 2014 lilipunguza makali: unammwagia adui, na ikiwa moto utamgusa kabla ya dakika moja kupita, anaumia alama 5 zaidi. Ukimwaga chini, yanafunika mraba wa futi 5 na kuwaka raundi 2, sekunde 12.

Aliyekulia kwenye kibatari hapati shida kuona tatizo. Mafuta yakiwa kimiminika hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mafuta ya taa ya dukani hutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi joto 38 hivi, ndiyo maana tuliambiwa tusijaze kibatari kikiwa kinawaka. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi, na kila mtu amesikia habari za mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli na nyumba iliyoungua kwa sababu hiyo. Lakini mafuta ya zeituni au ya ufuta yanahitaji joto la karibu nyuzi 300. Tupia njiti ya kiberiti inayowaka kwenye sahani ya mafuta ya ufuta, na njiti itazimika. Utambi ndio unaoyafanya yawake, kwa kuyapandisha kidogo kidogo na kuyapasha moto pale ncha tu. Yakimwagwa sakafuni kwenye mawe baridi, yatakachofanya ni kutelezesha.

Mafuta ya taa tunayoyajua sisi ni ya juzi juzi. Abraham Gesner aliyaonyesha Canada mwaka 1846, na mwaka 1853 mfamasia Ignacy Łukasiewicz aliwasha taa zake hospitalini mjini Lviv. Ni mepesi, yanapanda utambi mrefu, ndiyo maana chemli zetu zina tangi chini na moto juu. Mafuta mazito ya mimea hayawezi kupanda hivyo; taa yake lazima iwe bapa, moto ukae karibu na mafuta, au tangi liwekwe juu pembeni. Ukiona mchoro wa shujaa wa zama za kati amebeba kandili ndefu yenye tangi chini, jua mchoraji alikuwa na chemli akilini.

Kwa hiyo kitabu kimeweka chupa moja na ndani yake mna vitu viwili: mafuta ya kumulika, tulivu na mazito, na kimiminika cha vita. Kihistoria vyote vilikuwepo, lakini havikuwa kitu kimoja. Wabizanti walikuwa na moto wa kurusha kwa mabomba tangu karne ya 7, na namna ya kuutengeneza ilipotea. Majeshi ya Waabbasi yalikuwa na kikosi cha warusha nafta, yale mafuta ya ardhini yanayoshika moto upesi, wakiitwa naffatun. Al-Razi, tabibu na mwanakemia wa Uajemi, alieleza namna ya kukeneka nafta nyeupe zaidi ya miaka 900 kabla ya Gesner. Hiyo ndiyo inayolipuka.

Mchezo wenyewe unalijua hilo nusunusu, kwa sababu kwenye orodha ileile ya 2014 kuna chupa nyingine, moto wa mkemia, unaowaka ukigusa hewa. Bei yake sarafu 50 za dhahabu, sawa na chupa 500 za mafuta ya kandili. Chupa hizi zikitofautishwa ubishi unakwisha, na ndivyo ninavyoamua sasa. Mafuta ya kandili ni ya ufuta, zeituni au shahamu kulingana na nchi. Yakimwagwa chini yanatelezesha. Yakimwagiwa kitambaa, majani makavu au nguo ya mtu, kitu hicho kinakuwa utambi, na hapo yanawaka sawasawa na kanuni. Anayetaka mlipuko anunue nafta kwa bei ya nafta. Kwa ule mlango wa ngome, wangetandika blanketi kwanza.

Uamuzi huo umetuletea mambo ambayo kitabu hakina. Kundi lilipopanda milimani kwenye theluji, mafuta yao ya shahamu yaliganda chupani, kama mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi ya baridi, na ikabidi mmoja alale na chupa kifuani. Harufu ya shahamu ilivuta mbwa mwitu. Masizi darini yaliwajulisha kwamba kuna mtu aliyepita pale kabla yao. Na nilipowanyima kiberiti, kwa kuwa njiti za kukwaruza zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, gumegume na chuma vikawa mali ya kugombewa. Kwenye kanuni za 1981 unawasha kwa kupata moja au mbili kwenye dadu ya pande 6. Taa ikizimika vitani, kwa wastani unapiga mara 3 gizani huku unashambuliwa.

Kuna vitu vinavyoivuruga saa hii ya mafuta, navyo havitatuliwi kwa kemia. Jamii nyingi za wahusika, wale wafupi wa chini ya milima na wale wenye masikio yaliyochongoka, huona gizani. Wanaona kama kwenye mwanga hafifu, bila rangi, na kugundua vitu vilivyofichwa kunakuwa kugumu. Wachezaji wengi husahau sehemu hiyo, nami huikumbusha kila mara. Kundi lisilo na taa haliwezi kusoma rangi ya sumu kwenye kikombe. Kisha kuna uchawi mdogo wa mwanga, wa bure, unaodumu saa nzima na kurudiwa bila kikomo. Mchawi akiwa nao, mafuta hayahesabiki tena. Sijaufuta. Nimesema tu kwamba unang'aa weupe usio na joto, na kila kiumbe cha chini ya ardhi kinajua weupe huo ni wa mchawi.

Kinachonishughulisha zaidi ni uchawi mwingine, wa moto usiozimika. Unahitaji vumbi la yakuti la sarafu 50 za dhahabu, unatoa mwanga sawa na mwenge, na haufi. Sarafu 50 za dhahabu ni chupa 500 za mafuta, na chupa moja ni usiku mmoja. Baada ya usiku 500, chini ya mwaka mmoja na nusu, mwanga huo umejilipa, na miaka inayofuata yote ni bure. Miji ya mchezo huu ingepaswa kuwa inawaka kama Geneva ya leo, lakini wasimamizi karibu wote huielezea ikiwa giza. Nimeona jibu moja tu linalosimama: kibarua wa sarafu 2 za fedha kwa siku akitaka moto huo ni lazima aweke akiba ya siku 250 bila kula, na kitu kisichozimika na chenye thamani hiyo kikitundikwa barabarani kitaibwa usiku wa kwanza. Kwa hiyo kwenye mji wetu wa mezani ipo mioto saba tu ya aina hiyo. Sita iko ndani ya kuta za matajiri. Wa saba umejengewa kwenye jiwe la daraja, na wauza samaki wamehamishia soko lao pale.